Mukono Uliotoa Mwiko

Tulimuzika Adela, mudogo wangu, pale Kabuta, na mimi sikulia. Wanawake wa matanga waliniangalia kwa pembeni, wakasukumana viwiko. Mumoja akanisogelea, akanigusa bega, akaniita yaya, ndiyo dada mukubwa kwetu, kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Yaya, lia basi. Si damu yako? Si yeye njo alikuinua kitandani?" Ndiyo, ni yeye. Nani hajui habari hiyo kwenye kando hii ya ziwa? Kila mutu anajua kwamba nilipopooza upande muzima, Adela alivuka ziwa akanikanda, akanilisha, akanifundisha kutembea upya. Nusu hiyo ya habari wanaipenda sana, wanaisimulia hata kanisani. Nusu ingine wanaimeza. Nilikaa kwenye mukeka, mukono wangu wa kuume umejikunja mapajani kwa sababu ya mvua, maana mpaka leo baridi ikiupata unajikunja, nikajiambia: acha waseme. Nikirudi kwangu Kashikishi nitaisema yote, na wa kuumia aumie.

Mambo ya ukoo, nani alizaa nani kule Kilwa ya Congo na nani alitangulia kuvuka kuja kufanya biashara ya samaki upande huu wa Zambia, sitayaweka humu. Mwenye kuyataka aende kwa wazee, watamuchosha mwenyewe. Mimi naanza na asubuhi moja tu, nikiwa hapo Kabuta kwenye muchanga wa kuanikia, nageuza chisense kwa fagio. Asiyejua chisense ajue ni dagaa wetu wa Mweru. Wanaanikwa kwenye muchanga wa moto mpaka wakauke, kisha wanaume wa baiskeli wanafunga magunia na kuyapeleka bara. Mumoja wa wanaume hao alikuwa ananibembeleza nimupunguzie bei, na mimi namutukana kwa furaha, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu na niliijua. Katikati ya tusi mudomo ukakataa. Nikaona fagio imeanguka, nikashangaa nani ameiangusha, kumbe mukono uliokuwa umeishika ni wangu. Yule wa baiskeli akacheka, alidhani nimeishiwa maneno. Kisha muchanga ukaja karibu na uso wangu, chisense wakaniingia mudomoni, na sikuweza hata kuwatema.

Hospitalini walisema ni tansio, ile wengine wanaiita presha, imepasua mushipa ndani ya kichwa. Upande wa kuume wote ulikuwa umekufa, na sauti ilikwenda nao. Sikuwa nimefika hata miaka thelathini na tano. Mama wa mazoezi wa pale alimueleza bwana yangu, Baba Mwape, mambo yote vizuri: musivute mukono huu, bega litachomoka; mumukalishe, mumuguse, mumusemeshe; vitu vyake muviweke upande huu mubovu ili aukumbuke; muguu utatangulia, mukono utafuata nyuma, labda, na vidole ni vya mwisho kabisa. Baba Mwape aliitika "ee mukwai, ee mukwai" kwa kila neno, adabu ya Wabemba imemujaa, na nadhani hakushika hata moja.

Walinirudisha nyumbani wakaniweka katika chumba cha kando, kile tulichokuwa tunawekea nyavu. Nyavu walizitoa, harufu ikabaki. Kulikuwa na dirisha dogo la kuangalia muchanga wa kuanikia, na ukuta wa matofali mabichi ambao haukufika kwenye bati, basi kila neno la sebuleni lilipanda juu ya ukuta likanishukia. Mwaka ule nilijifunza kwamba mutu asiyesema watu wanamuona hasikii. Walisema nimelogwa na wafanyabiashara wenzangu wa ng'ambo. Walisema nimekanyaga dawa iliyotegewa mutu mwingine. Mumoja, rafiki yangu wa kula naye sahani moja, aliuliza vitenge vyangu vipya ataachiwa nani. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mimi nilikuwepo, na langu halikuwepo vilevile! Siku za kwanza Baba Mwape alikuja mwenyewe na uji. Alinilisha kwa kijiko, na uji ulipotiririka upande mubovu wa mudomo alinipangusa kwa kidole gumba, polepole, bila kugeuza uso. Hayo nayaandika kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndiyo yananiuma kupita mengine. Kisha ziwa likamuita, alikuwa na mashua mbili za kuangalia, akaanza kumutuma Mwape, musichana wetu wa miaka minane, alete uji. Mutoto aliogopa uso wangu ulivyopinda. Aliuweka uji mulangoni na kukimbia.

Mujomba wangu alivuka ziwa kutoka Kilwa muchana mumoja wa upepo, na Adela nyuma yake na mufuko wa nguo. Nilifurahi, jamani! Kwetu neno la kaka ya mama linapita neno la baba, nikajiambia sasa mukubwa amefika, nitahesabiwa tena kati ya watu. Wakakaa sebuleni na Baba Mwape na wazee wawili wa upande wake. Wakapikiwa kwa sufuria zangu, bukari, ule ugali wetu, na samaki wakubwa wa mafuta, na harufu ikapanda juu ya ukuta kabla ya maneno. Niliwasikia wakinawa. Nilimusikia Mujomba akimeza tonge na kukohoa.

"Bon," akasema. "Tuliwapa mwanamuke, na mwanamuke ameanguka. Hakufa, hakupona. Alor, Baba Mwape ataishi namna gani? Akileta mwanamuke wa ukoo mwingine humu ndani, mutoto yetu atakula makombo. Njo maana nimekuja na mudogo wake. Apokee muzigo."

Mupokeleshi! Wazee wa pande zote mbili za ziwa wanamuita hivyo mudogo wa muke anayepewa shemeji yake wakati mukubwa ameshindwa kazi ya nyumba. Kanisa linakataza, vijana wanaicheka desturi hiyo, na mimi nilidhani imezikwa zamani pamoja na nkambo, mababu zetu. Mujomba hakuisahau. Na tena desturi yenyewe ina sheria, ndilo jambo watu hawalijui: mukubwa lazima akubali, na anakubali kwa mukono wake. Anachukua mwiko wa kusongea bukari, anamupa mudogo wake mbele ya wazee. Bila mwiko kutoka, hakuna mupokeleshi.

Wakaingia wote, chumba kikajaa harufu ya samaki. Mujomba, mwiko mukononi, akakaa kwenye kando ya kitanda, akaniita mutoto wangu, akauliza kama nakubali. Nikalitafuta neno hapana. Nililitafuta pande zote, na mudomo ukatoa mate tu. Nikatikisa kichwa kwenye muto. Wakasema maskini, ugonjwa unamusumbua. Basi nikanyoosha mukono wa kushoto, ule muzima, nikausukuma mwiko kwa nguvu zote mpaka ukagonga ukuta. Nani angekosa kuelewa? Lakini mumoja wa wazee akanishika ule mukono kwa upole kabisa, akaurudisha chini ya blanketi. "Kwa kushoto watu hawapeani kitu, mama," akasema, "wala hawakatai." Na wengine wakaitika, maana ni kweli, hata mutoto anafundishwa hivyo. Kisha Mujomba akauchukua mukono wa kuume, uliokuwa baridi kama wa maiti, akaweka mwiko ndani, akafunga vidole vyangu kimoja kimoja juu ya muti, akavishikilia kwa vyake. "Pokea," akamuambia Adela. Adela alikuwa na miaka ishirini. Aliniangalia machoni. Kisha akapiga magoti, akapokea kwa mikono miwili kama alivyofunzwa. Wazee wakapiga makofi ya heshima, Baba Mwape akaangalia chini. Wakarudi sebuleni kumaliza samaki.

Hawakuwa watu wabaya, hilo watu wananiambia kila mara, wananiambia mpaka leo. Walimuogopea mutoto wangu mama wa kambo. Walikuwa wameona wagonjwa wengi wa namna yangu, wanalala hivyo, wanatoboka mugongo, wanakufa. Sawa. Lakini waliuona mukono wangu wa kushoto, wakaufunika na blanketi.

Muchana uleule, wazee wakiwa wamekwenda kuangalia mashua, Adela aliingia, akafunga mulango, akakaa chini karibu na uso wangu. Alikuwa musichana wa maneno mengi, wa kucheka ovyo. "Yaya, sikia," akasema. "Mi sikuomba hii. Kule kwetu niko najifunza kushona, na niko na mutu wangu. Mujomba alisema twende tumuone mugonjwa. Nilikuja kujua tukiwa tayari katikati ya maji, nitaruka niende wapi? Lakini nimemuuliza: mwiko ukitoka, unaweza kurudi? Akasema ulitoka kwa mukono wa kuume, utarudi kwa mukono wa kuume. Siku Yaya yako akisonga bukari ya wazee na huo mukono, atakunyanganya mwiko, na weye utarudi kwetu. Alicheka, Yaya! Alicheka juu ya kujua hautaweza." Akaukamata ule mukono uliokufa akaufinya, nami sikusikia kitu. "Utaweza. Lazima uweze. Mi sitaki bwana yako, mi nataka kwetu."

Basi mukono mumoja ukawa na wenyewe wawili, na mwenye haraka zaidi hakuwa mimi. Musinidanganye kuhusu huruma. Nimeisikia kwenye matanga, huruma ya Adela, upendo wa Adela. Adela alinifanyisha kazi kama punda. Alikuwa amesikia kwa Baba Mwape robo ya maneno ya mama wa mazoezi, akaenda mwenyewe hospitalini akayadai yote. Asubuhi maji ya moto na mafuta, kuanzia bega mpaka kucha. Kisha kukaa, na nikianguka upande anacheka, ananiinua, ananiambia gunia la mihogo lina akili kunipita. Kisha muguu. Alifunga kipande cha kitenge kuanzia vidole vya muguu mpaka chini ya goti ili wayo usiburute, akanipa kafi ya mutumbwi niegemee, akanishika kiwiko cha kuume, na tukaenda toka kitandani mpaka mulangoni, mulangoni mpaka jikoni, siku ingine mpaka kwenye muchanga, ambako wanawake wenzangu waliacha kugeuza chisense ili waone vizuri. Chakula aliweka upande wangu mubovu, mbali kidogo, nisipogeuka sili. Nilimuchukia, we! Nilimuchukia kabla ya kuwa na sababu.

Na sauti, unajua ilirudi namna gani? Adela aliunguza bukari. Moshi ukajaa nyumba nzima, na mimi kitandani nikasikia mutu anapiga kelele: "Mujinga!" Alikuwa mimi. Neno zima, limenyooka. Adela akaja mbio, macho yamejaa machozi ya moshi, akaanza kucheza katikati ya chumba na sufuria mukononi: "Nitukane tena, Yaya! Nitukane!" Nikamutukana. Matusi yalitoka yote kabla ya salamu, kabla ya jina la mutoto wangu, sijui kichwa cha mutu kimepangwa vipi. Baada ya majuma nilikuwa naweza kuunga maneno mawili, matatu. Nikamuita Baba Mwape, akaja akasimama pale mulangoni alipozoea kusimama Mwape.

"Mukono ule," nikamuambia, "haukuwa wangu. Niliku… nilikataa. Na huu." Nikainua wa kushoto.

"Awe, mukwai," akajibu, ile hapana ya adabu ya Kibemba, na aliona haya kweli, shingo yake iliinama. "Mimi nilisema nini? Wakubwa ndio wamesema." Akaniuliza kama uji una sukari, akaenda. Hakuwa amemugusa Adela wakati ule. Adela alilala chumbani kwangu, kwenye mukeka chini ya dirisha, na nilimusikia akipumua. Nilimupima Baba Mwape kwa mukeka ule. Kila nilipouona umetandikwa niliona bado kuna nafasi.

Adela aliweka ungo wa chisense wakavu upande wangu wa kuume, akanifunga mukono wa kushoto kwa kitenge nyuma ya mugongo, akasema toa konokono na vijiwe, utoe kwa ule mubovu. Aka! Nilikaa mbele ya ungo kama mutu anaangalia moto. Nilisema na kidole gumba kama unavyosema na mutoto kichwa ngumu. Nilikililia, nilikiomba, nikakitukana. Siku moja adhuhuri, nimekwisha kukata tamaa na nasinzia, kikatikisika. Nikadhani ni nzi. Nikakiambia tena, kikatikisika tena, chenyewe, kwa amri yangu mimi. Adela akapiga yowe ambalo sijalisikia tena maishani. Mama jirani akaingia akilia tayari, kitenge amekifunga kiunoni, alidhani nimekufa. Akanikuta nimekaa nacheka na nusu ya uso, na Adela yuko magotini anabusu kidole. Yule mama alikasirika sana kwa kulia bure. Ndiyo siku pekee ya mwaka ule ninayoitaka tena. Nilitumaini, na tumaini lilikuwa na ladha, kama chumvi mudomoni mwa mutu aliyekula chapwa muda mrefu. Jioni nilikula kushinda siku zote.

Halafu wakafunga ziwa. Kila mwaka mvua zikianza serikali inakataza kuvua, samaki wazae, na mashua zote zinapandishwa kwenye muchanga. Wanaume wanashona nyavu, wanakaa, wanalala muchana, wanakaa tena. Baba Mwape, ambaye nilikuwa namuona kwa nadra, alikuwa nyumbani toka asubuhi. Alishona nyavu zake chini ya dirisha langu, Adela akimupelekea maji, akimupelekea mihogo ya kuchemsha, maana kazi ya mwiko ndiyo hiyo. Niliwasikia. Kwanza hawakusema kitu. Kisha alimuuliza habari za Kilwa. Kisha siku moja Adela alicheka, ile cheko yake ya ovyo, akaikata katikati kama mutu amekumbuka mugonjwa ndani. Mimi nilikuwa kwenye ungo wangu, vidole viwili vinakubali, vitatu vinakataa, na nilianza kufanya kazi kwa hasira, mpaka mufupa wa mukono unawaka.

Asubuhi moja niliamka nikaona mukeka chini ya dirisha umekunjwa, umeegemezwa ukutani kama jana yake. Haukuwa umetandikwa. Adela akaingia na beseni ya maji ya moto kama kila siku. Hakuimba. Alinikanda kwa nguvu iliyoniumiza, na mimi namuangalia usoni, namuangalia, mpaka akasema bila kuinua kichwa: "Yaya, ona mukono. Usione mimi." Nikamuuliza kama alilazimishwa. Akasema: "Mwiko ni yangu, Yaya. Mulango gani nitafunga?" Kisha akaongeza, na hilo ndilo lililonipa nguvu na ndilo lililoniua: "Harakisha. Ukiharakisha, bado niko mutu wa kurudi kwetu."

Nikaharakisha. Mutu asiniambie kuhusu bidii. Nilishika kitambaa nikakikamua mpaka kidole cha mwisho kikajifunza kukunja, na kukunja kulikuwa rahisi. Kufungua ndiyo ilikuwa vita. Mukono wangu ulishika kitu haukuachia, ilibidi Adela auchokonoe. Nilijifunza kuachia kabla ya kushika, nikaangusha vikombe, nikaangusha kisu karibu na muguu wa Mwape, ambaye sasa hakukimbia tena, alikaa nami kwenye ungo na kunihesabia vijiwe. Ziwa likafunguliwa, wanaume wakarudi majini, na mimi nilikuwa nasonga uji mwepesi. Kisha uji muzito. Adela akishika sufuria, mimi nikizungusha, jasho linanitoka mpaka kwenye macho. Siku niliposonga bukari ya kweli, ile ya kugeuza na kugonga kwenye ukingo wa sufuria, mukono wa kuume juu na wa kushoto chini, ikatoka laini bila donge, tulikaa chini jikoni tukaangaliana. "Tuma neno kwa Mujomba," nikasema. Yeye akainuka akatoka nje, nikamusikia akitapika nyuma ya nyumba. Nilidhani ni furaha, au hofu. Mwaka muzima nilikuwa naangalia mukono wangu tu.

Mujomba akavuka. Wale wazee wawili wakaitwa. Nilivaa kitenge changu cha kanisani, nikakataa musaada, nikasonga bukari mbele yao nje ya jiko, wakiwa wamekaa kwenye viti, muchana kweupe. Kila mutu aliona ni mukono gani. Nilipakua, nikawapelekea maji ya kunawa, nikapiga magoti kwa muguu uliokuwa haukunjiki, nikapiga magoti nao hivyohivyo. Wakala, wakasifu. Yule muzee aliyefunika mukono wangu wa kushoto alisema Mungu ni mukubwa. Nikangoja wazee wanawe mikono, kisha nikasimama na mwiko katika mukono wa kuume, nikauinua.

"Mujomba, ulisema utarudi kwa mukono ulioutoa. Umerudi. Adela arudi kwetu."

Mujomba alipangusa midomo kwa muda mrefu. Alimuangalia Adela, aliyekuwa amekaa kwenye mukeka na wanawake, na nikaona mudogo wangu anavuta kitenge juu ya tumbo. Nikaona tumbo. Mungu wangu! Nilikuwa nimelala nyumba moja na mutoto huyu, nimeshikwa na mikono yake kila asubuhi, na sikuona.

"Maji yakimwagika hayazoleki, mutoto wangu," Mujomba akasema, kwa upole, kwa upole ule wao wote. "Mudogo wako ana mimba ya nyumba hii. Arudi kwetu na mimba ya nani? Weye ni mukubwa, utabaki mukubwa, nani atakunyima? Mutakaa wawili. Bon. Na umepona wakati muzuri kabisa. Siku ya kuzaa utakuwa na mikono miwili ya kumushika."

Wazee wakaitika. Nikamugeukia Baba Mwape. Alikuwa anaviringisha tonge la mwisho la bukari yangu, analiviringisha na kuliviringisha. Nikamuambia aseme, hata neno moja, yeye mwenyewe, si wakubwa.

"Awe, mukwai," akasema. "Bukari ni laini. Ni kama zamani."

Nimepita hospitalini mara nyingi tangu hapo, kupima tansio, nawaona wagonjwa wapya wamekaa kwenye benchi na mikono yao mapajani, na mama wa mazoezi, si yule, mwingine, anawaambia wawe na tumaini. Wawe nalo. Bila tumaini ningeoza kwenye kile chumba cha nyavu, hilo nalijua. Lakini hakuna anayewaambia kwamba wakati mutu anapigania kidole kimoja, nyumba inaendelea na maisha yake, haimungoji. Mwili ulirudi. Mahali pake pa kukaa palikuwa pamekwisha kupewa mutu, tena mutu asiyepataka.

Niliingia ndani nikafunga nguo chache katika kitenge. Mwape alikuwa shuleni. Nilimutumia mutu juma lililofuata, akanifuata Kashikishi, na hapo nilimulea. Sikumuaga Mujomba. Sikuchukua ile kafi ya kuegemea. Nilitoka kwa mulango wa nyuma nikashika njia ya kwenda barabarani, kwenye baiskeli za samaki, na nilikuwa sijafika hata kwenye ua wa jirani nikasikia miguu inakimbia nyuma yangu.

"Yaya, unaenda wapi?"

"Kashikishi."

"Na mimi unaniacha na nani?"

Niliendelea kutembea. Muchanga wa pale ni mulaini, muguu wangu wa kuume ukazama, na mukono wake ukaja wenyewe chini ya kiwiko changu, ukanibeba. Alikuwa analia wazi, na kamasi, kama mutoto mudogo.

"Nilikufundisha kutembea juu ya mi nirudi kwetu," akasema. "Haikuwa juu ya weye uende."

"Niachilie, Adela," nikamuambia. "Nikianguka, nianguke mwenyewe."

Akaachilia. Sikuanguka.